Madumu Tisa kwa Siku, Unatoa Chupa Moja

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi asubuhi kijiweni kwetu Tandika, wengine mlikuwa na abiria mkakuta watu wanatawanyika, mkaniambia andika basi na sisi tuone. Nimeandika kama nilivyoongea, nikirukaruka mnivumilie, mi kazi yangu vikopo sio kalamu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, shikamoo. Wazee wangu mliokaa pale kivulini, shikamooni. Mama zangu wa supu na chapati, dada zangu wa genge, vijana wa bodaboda na bajaji, mambo vipi. Asanteni kwa kuniachia huu muda maana najua Jumamosi asubuhi ndo hela inapopita.

Wengi mnanijua sura, jina hamlijui. Mi ndo yule wa dirishani, wa maabara, miaka 19 sasa napokea vikopo vya mkojo. Nimepokea vilivyofungwa gazeti, nimepokea vilivyofichwa ndani ya khanga kama dhahabu, kuna mzee aliniletea chupa ya soda ya nusu lita imejaa mpaka kwenye kizibo, namwambia mzee wangu nilitaka kidogo tu, akanijibu chukua tu mwanangu, mwingine utakuja. Sasa mi nataka leo tuongelee hapohapo, huo mwingine unakujaje?

Shughuli yenyewe imeanzishwa na kijana mmoja wa hapa kijiweni, simtaji, yupo ananiangalia. Wiki mbili zilizopita kanisimamisha kaniambia kaka, mi nakunywa maji lita tatu kwa siku, lakini mwezi wa kwanza na wa pili na lile jua, nashinda barabarani nakojoa mara moja tu, tena wa njano kama chai ya rangi, mwezi wa sita nakunywa hayohayo nakojoa kila saa, mweupe kabisa. Kashameza dozi mbili za UTI kutoka duka la dawa, kikopo hajawahi kukojolea hata kimoja. Swali lake zuri sana na jibu lake sio la dakika mbili, ndo maana mwenyekiti akasema basi njoo uongee na wote.

Niwaulize kwanza, mkojo unatoka wapi? Haya, huyu anasema maji ukinywa yanashuka tumboni yanaingia kwenye kibofu. Huyu anasema figo inachuja uchafu kwenye damu, uchafu ndo mkojo. Huyu wa kwanza amekosa kabisa, samahani kaka yangu, hakuna bomba lolote kutoka tumboni kwenda kwenye kibofu. Maji ukinywa yanaingia kwenye utumbo, utumbo unayanyonya yanaingia kwenye damu, damu inayasambaza mwili mzima mpaka kwenye ukucha, na ni damu ndo inayapeleka kwenye figo. Huyu wa pili amepata nusu. Na nusu aliyokosa ndo tamu kuliko zote.

Nimekuja na figo. Hii hapa, ya mbuzi, nimenunua mbili buchani saa kumi na mbili asubuhi. Mama zangu wa supu mnaijua, laini, imeinama kidogo kama haragwe. Ya ng'ombe sio hivi, ya ng'ombe imegawanyikagawanyika nje kama kichane cha zabibu. Ya kwetu sisi binadamu kwa nje inafanana zaidi na hii ya mbuzi, ila kubwa, kama ngumi yako, urefu sentimita 10 mpaka 12, zote mbili ukiziweka kwenye mzani kama gramu 300 hivi. Zimekaa nyuma, huku, juu ya kiuno, mbavu za mwisho zimezifunika kidogo, ya kulia imeshuka kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limekalia juu yake. Kwahiyo ukiniambia figo inauma huku umeshika kiuno chini huku karibu na makalio, hiyo sio figo bosi wangu, hiyo ni pikipiki na yale mashimo.

Nakata. Mnaona? Pembeni huku rangi ni ya damu ya mzee, ndani kuna rangi nyingine na mistari inashuka kuelekea katikati. Hiyo mistari ni mirija. Kwenye figo moja ya mtu kuna mashine ndogondogo kama milioni moja, kila moja inaitwa nefroni, huioni kwa macho, na kila moja ina kifundo cha mishipa ya damu kilichojikunja kama uzi, kisha mrija mrefu. Mwitaliano mmoja, Marcello Malpighi, aliviona hivi vifundo kwa darubini miaka ya 1660, ila kilichokuwa kinafanyika humo ndani watu walibishana miaka mingine zaidi ya 200.

Sasa twende taratibu. Mama, ukitaka tui unafanyaje? Unakuna nazi, unatia maji, unaweka kwenye chujio, unakamua. Usipokamua tui halitoki. Tui linapita, machicha yanabaki. Figo nayo ndo hivyo, kile kifundo ni chujio na anayekamua ni moyo. Kila dakika kama lita moja ya damu inaingia kwenye figo, yaani katika damu yote inayotoka moyoni, sehemu moja kati ya tano inaenda kwenye hivi vinyama viwili vya gramu 300. Damu inaingia kwenye kifundo kwa presha, maji yanasukumwa nje pamoja na kila kitu kidogo kilichoyeyuka humo, machicha yanabaki, machicha hapa ni zile chembe nyekundu na protini kubwakubwa. Kinachopita kinadakwa na kikombe kidogo kilichokizunguka kifundo, kinaitwa kapsuli ya Bowman, daktari wa Uingereza aliyeielezea mwaka 1842.

Nimesema kila kitu kidogo kinapita. Sukari inapita, chumvi inapita, vitamini zinapita, uchafu nao unapita. Chujio halijui kipi kizuri kipi kibaya, linaangalia saizi tu, saizi na chaji ya umeme kidogo. Sasa hesabu. Kwa dakika zinachujwa mililita kama 125. Kwa siku nzima ni lita 180. Lita 180 ndugu zangu ni madumu tisa ya lita ishirini ishirini! Mwilini mwako una damu lita tano tu, wewe kila siku unachuja madumu tisa. Na ndani ya hayo madumu tisa kuna chumvi kilo moja na nusu, pakiti tatu zile za nusu kilo, na kuna sukari gramu 160 mpaka 180. Haya, jioni umekojoa kiasi gani kwa siku nzima? Lita moja na nusu, chupa moja ile kubwa ya maji. Hayo mengine yamekwenda wapi?

Nani hapa kashawahi kufungua belo la mitumba Karume? Wewe. Ukifungua belo unachomoa nguo mbaya unatupa? Hapana, unamwaga lote chini kwenye turubai, alafu unaanza kuokota, kamera kwanza, zile kali kuliko zote, kisha grade one, grade two, unachokitaka unakirudisha juu, kile ambacho hujakiokota ndo kinabaki pale chini. Figo ndo inafanya hivyo hivyo. Haichambui uchafu, inamwaga belo lote, alafu inaokota vyake. Mkojo ni kile kilichobaki kwenye turubai. Kwahiyo huyu kaka aliyesema figo inachuja uchafu, kazi ya kuchuja ni ile rahisi, ile inafanywa na presha ya moyo tu, kazi ngumu ya figo inayokula nguvu mchana na usiku ni kurudisha.

Na ukifikiri ni akili sana, maana kama figo ingetakiwa kujua kila uchafu ili iutupe, siku umekula kitu kipya ambacho mwili haujawahi kukiona ingekuwaje? Ila ukimwaga vyote ukaokota unavyovijua tu, vigeni vingi vinaondoka vyenyewe.

Kuokota kunaanza palepale kwenye kipande cha kwanza cha mrija. Hapo theluthi mbili ya maji na chumvi inarudi kwenye damu, na sukari inarudi yote, yote kabisa, haibaki hata chembe. Mkojo wa mtu mzima wa afya hauna sukari. Sukari inarudishwaje? Kuna makuli. Kwenye ukuta wa mrija kuna vibebeo, kama makuli wa Kariakoo, kila mmoja anabeba mzigo wake anapandisha. Lakini makuli wana idadi. Mzigo ukizidi, hata wakimbie vipi, mwingine unabaki chini. Hapo ni pale sukari ya damu ikipita kama 10 kwenye kile kimashine cha kidole, makuli wanaelemewa na sukari inaanza kushuka na mkojo, na sukari ikishuka inavuta maji nayo, ndo maana mwenye kisukari anakojoa mno na kiu haiishi.

Mjomba wangu alikuwa Mbagala, choo cha nje, anasema hawa sisimizi wa humu chooni sijui wamefuata nini, kamwaga mafuta ya taa, kamwaga dawa, sisimizi wanarudi, tena wanakaa upande ule anaosimama yeye. Kaja kwangu kwa ishu nyingine kabisa, ya macho, nikamwambia mjomba nipe kikopo. Kipimo kilibadilika rangi kabla sijakitoa, tukachoma kidole ikasoma 19. Wahindi wa zamani, maelfu ya miaka, walikuwa wanautambua huu ugonjwa kwa hao hao sisimizi, wakauita madhumeha, mkojo wa asali. Kuna daktari wa Uingereza, Thomas Willis, miaka ya 1670 aliandika kwamba mkojo wa hawa wagonjwa ni mtamu, maana yake aliuonja. Mi kazi yangu naipenda lakini siyo hivyo.

Tuendelee. Bado hatujajibu swali la kijana.

Mrija ukitoka hapo unashuka chini ndani kabisa ya figo, hii sehemu yenye mistari, kisha unageuka unapanda juu tena, kama herufi U ndefu. Hiki ni kitanzi cha Henle, Mjerumani Jakob Henle alikieleza mwaka 1862. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hata sisi chuoni tulipashindwa mara ya kwanza. Upande wa U unaopanda ukuta wake haupitishi maji hata tone, ila unapampu chumvi kuitoa nje kwenye nyama ya figo. Unapampu, unapampu, chumvi inajaa kule ndani. Upande unaoshuka wenyewe unapitisha maji. Sasa mama wa kachumbari atuambie, kitunguu ukikipaka chumvi kinafanyaje? Kinatoa maji! Chumvi inavuta maji. Basi maji ya kwenye mrija unaoshuka yanavutwa na ile chumvi, yanayobaki ndani ya mrija yanakolea, yakifika kwenye kona na kupanda yana chumvi nyingi zaidi ya kupampu, inapampuliwa tena, ndani panazidi kukolea, mzunguko huohuo mpaka kule chini kabisa panakuwa pakali mara nne ya damu. Chumvi na yurea, hiyo yurea inatengenezwa na ini kutokana na protini, nyama na maharage. Kwahiyo figo imejijengea beseni la chumvi ndani yake, na hilo beseni itakuja kulitumia mwishoni.

Mara nne, sio zaidi sana. Hapo ndo mpaka wetu ulipo. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kunduchi, na kitu cha kwanza alichonifundisha kwenye ngalawa ni kwamba maji yakiisha huko nje usithubutu kunywa ya bahari, bora ukae na kiu. Alikuwa hajui figo mzee yule, alikuwa anajua tu. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 kwa lita. Figo ya mtu ikijitahidi mwisho inatoa mkojo wa chumvi kama gramu 20 kwa lita. Kwahiyo ukinywa lita moja ya bahari, kuitoa hiyo chumvi unahitaji kukojoa zaidi ya lita moja na nusu, ile nusu na zaidi inatoka wapi? Inatoka mwilini mwako. Unakunywa unakauka.

Haya sasa kijana, kaa vizuri, jibu lako hili hapa. Mirija yote ikishapanda inamwaga kwenye mrija mkubwa wa kukusanya, na huo mrija unashuka tena kupita katikati ya lile beseni la chumvi kabla ya kutoka. Ukuta wake una milango ya maji. Milango ikifunguliwa, beseni linavuta maji kutoka kwenye mrija yanarudi kwenye damu, mkojo unatoka kidogo na mzito. Ikifungwa, maji yanapita tu kama mfereji wa barabarani, mkojo mwingi mweupe. Nani anafungua? Ubongo. Kule chini ya ubongo kuna sehemu inaionja damu muda wote, chumvi ya damu ikipanda hata asilimia moja au mbili inatoa homoni inaitwa ADH, inasafiri kwenye damu inafika figo, inasema fungua. Na milango yenyewe ni vitundu vya protini vinavyopitisha maji peke yake, Mmarekani Peter Agre ndo aliyevigundua, akapata Nobel mwaka 2003.

Kwahiyo mwezi wa pili, jua la Dar, umevaa jaketi na helmeti, jasho linakutoka hata hulioni kwa sababu ya upepo wa pikipiki, katika zile lita tatu zako nyingi zimetoka kwenye ngozi. Ubongo umeonja damu umeona chumvi inapanda, umefungua milango yote, figo inaokoa kila tone. Ile rangi ya njano inatokana na chembe nyekundu zilizozeeka zikavunjwa, kwa siku inatoka kiasi kilekile, sasa ikiwa kwenye maji kidogo inaonekana chai ya rangi, ikiwa kwenye maji mengi huioni. Mwezi wa sita kuna kaupepo, jasho hamna, lita zako tatu zinatoka kwa njia nyingine. Figo yako ilikuwa nzima siku zote mdogo wangu, ilikuwa inakulinda, ulizipa dawa za bure. UTI ina mambo yake, kuchoma wakati wa kukojoa, kubanwa kila dakika na kinatoka kidogo, homa, na hata hapo tunapima kwanza. Na mkiona njano ya kung'aa kama rangi ya bajaji baada ya kumeza vidonge vya vitamini B, hizo ni vitamini zako zinatoka, figo imeokota ilizozihitaji.

Kuna mtu ananiuliza hapa na bia je, si inasafisha figo, mtu akinywa anakojoa mpaka anachoka. Nilijua litakuja. Pombe inaizima ile homoni. Mlinzi wa milango kalewa, milango imefungwa, maji yanapita moja kwa moja hayaokotwi. Ndo maana unakojoa mno, na asubuhi ulimi kama mswaki mkavu na kichwa kinagonga. Hapo hakuna kilichosafishwa, uchafu ni uleule ila umetolewa na maji mengi ambayo ulikuwa unayahitaji.

Na hata usiponywa maji kabisa mkojo hauwezi kufika sifuri kwa mtu mzima wa afya, kama nusu lita lazima itoke, maana yurea na chumvi za ziada zinahitaji maji ya kuzibeba. Mtu akipita siku nzima hajatoa kitu hata kidogo, huyo asisubiri Jumatatu.

Kuna kazi nyingine nitazipita haraka. Figo inatoa homoni ya kuuambia mfupa utengeneze damu, ndo maana wenye figo mbovu wanapauka. Inakamilisha vitamini D. Na presha ikishuka inatoa kitu kinaitwa renini ili ipande tena, maana chujio bila kukamuliwa halifanyi kazi, hiyo walioigundua walikuwa Stockholm mwaka 1898.

Kwenye presha nisimame kidogo. Chujio linahitaji kukamuliwa, lakini chukua chujio lako la nazi ulikamue kwa jeki ya gari. Presha ikiwa juu miaka kumi, vile vifundo vinaziba kimoja kimoja, kovu juu ya kovu, na nefroni iliyokufa haioti nyingine. Sukari nayo inafanya hivyohivyo kwa njia yake, inalegeza chujio mpaka machicha yanaanza kupita. Protini inaonekana kwenye mkojo, mkojo una povu kama la sabuni ambalo haliishi. Mi kwenye kikopo hiyo naiona miaka mingi kabla mtu hajahisi chochote, kwa sababu figo haina kelele, inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo na wewe unapiga safari za Posta kama kawaida. Na alama yangu ni ileile, damu au protini kubwa ikionekana kwenye kikopo maana yake kuna mahali machicha yamepenya.

Na vijana, migongo inawauma, najua, mnapita duka la dawa mnachukua diklofenaki mnameza na soda ya nguvu, kila siku, wengine huu ni mwezi wao wa pili mfululizo. Mjue hivi, mwili ukiwa umekauka, kamshipa kanakoingiza damu kwenye kifundo kanaachwa wazi na kemikali fulani ili presha isiporomoke. Hizi dawa, diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zao, zinaizima kemikali hiyohiyo. Yaani siku yenye jua na jasho, figo imeng'ang'ania mlango ubaki wazi, wewe unakuja unaufunga. Mara moja moja kwa mtu mzima mwenye afya sawa, kila siku na jua hili hapana, na mwenye presha au sukari aulize kwanza.

Sasa mkojo umetengenezwa, umetoka kwenye figo, unashuka kwenye mirija miwili ya sentimita 25 mpaka 30. Haudondoki tu kwa uzito, mirija inabana na kuachia kama nyoka anavyomeza, mara kadhaa kwa dakika, ndo maana hata ukilala unashuka. Kibofu kinaanza kukukumbusha kikifika mililita 150 au 200, kikifika 400, 500 hapo unaongea na dereva vizuri. Figo inatoa kama mililita moja kwa dakika, ukikaa kwenye foleni saa mbili imeongeza 120, huo ni mpigo wa kawaida tu, ukiwa umekunywa chai mbili usiniulize. Kuna vali mbili za kuzuia, ya ndani inajiendesha, ya nje ndo unayoibana wewe na kuangalia dirishani.

Mama zangu hapa nina neno. Njia ya mkojo ya mwanamke ni sentimita kama 4, ya mwanaume kama 20. Wadudu kwenu safari ni fupi, sio uchafu wala tabia, ni umbali. Na mnajua wenyewe, choo cha sokoni kinalipiwa, kina foleni, wakati mwingine hakina maji, kwahiyo mtu anaamua asinywe maji mpaka jioni na kile kidogo anakibana. Mkojo unapotoka ndo unaosha ile njia. Ukiubana siku nzima umewapa wadudu nyumba na muda. Mwenyekiti nakuangalia wewe hapo kwa habari ya choo.

Wazee wangu nyie ni kinyume, njia ndefu lakini tezi dume imeizunguka kwa juu pale kwenye shingo ya kibofu, ikikua inabana, mkojo unakatikakatika na usiku unaamka mara nne. Njooni mpimwe, msisubiri mpaka ufunge kabisa. Na kwa waliokulia pwani kama mimi, damu mwishoni mwa mkojo inaweza kuwa kichocho, minyoo inayotaga mayai yake kwenye ukuta wa kibofu, tuliipata kwenye madimbwi ya maji baridi yenye konokono, baharini haipo. Kina dawa. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni dalili ya kuwa mwanaume.

Swali la mwisho lilikuwa la yule dada wa genge, kaniuliza figo zikifa zote. Hapo ndo mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, kwa kazi ambayo figo ilikuwa inafanya saa 24 bila kukudai. Ya kwanza ilitengenezwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943 wakati wa vita, nchi imekaliwa na Wajerumani, vifaa hamna, akatumia ngozi ya bandia ya kufungia soseji kama chujio. Mgonjwa wa kwanza aliyepona alimpata mwaka 1945. Na kuna kupandikiza, ya kwanza iliyofanikiwa kabisa ilikuwa Boston mwaka 1954, pacha kampa pacha mwenzake, kwetu hapa Muhimbili walianza Novemba 2017. Figo mpya wanaiweka mbele, chini ya tumbo, mara nyingi zile za zamani wanaziacha hapohapo, kwahiyo unaweza kukutana na mtu Kariakoo ana figo tatu. Na aliyetoa anabaki na moja, ile moja inajiongeza, inakua kidogo, inaanza kubeba kazi ya mwenzake.

Dada akauliza, sasa kama moja inatosha, mbili za nini? Nikawa nafikiria jibu, na hiyo nusu ya mbuzi bado ipo mkononi. Kugeuka kuangalia ile nzima niliyoiacha mezani, haipo. Mama wa supu kashaikata, kashaikamulia limau, anasema mwanangu we endelea kuongea.